Uzi: Jiko la gesi la kuchomea nyama uani, ni kitu gani hasa kinacholifanya lidumu?

#1 Mchoma Pole

Wakuu, habari zenu.

Ninataka kununua jiko la gesi la kuchomea nyama litakalokaa uani, na safari hii ninataka lidumu. Nililo nalo kwa nje bado linang'aa kiasi cha mtu kujitazama, lakini ndani vichomeo vimetoboka, mabamba yaliyo juu yake yamekatika katikati, na sakafu ya sanduku la moto imeanza kumomonyoka pale mafuta yanapodondokea. Nimepita madukani nikakuta kila muuzaji anasifia idadi ya vichomeo, wingi wa BTU (kipimo cha nishati ya joto) na kipimajoto kilichopachikwa mfunikoni, wala hakuna hata mmoja aliyenifungulia jiko akanionyesha kitakachokufa kwanza.

Hoja yangu, nayo ninaileta ili ipingwe, ni kwamba kipimo pekee ambacho mnunuzi anaweza kukiamini dukani ni uzito. Jiko zito limetumia chuma kingi, chuma kingi huchelewa kutoboka, na hayo mengine ni maneno ya kuuzia. Mwenye hoja nzito kuliko hiyo aiweke mezani.

#2 Sumaku Mkononi

Mkuu, uzito unadanganya. Jiko linaweza kuwa zito kwa sababu ya kabati, milango na magurudumu yake, huku vichomeo vikiwa vyembamba vya kutia huruma. Mimi huingia dukani na sumaku ndogo mfukoni. Chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, cha daraja la 304 kina takriban asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli, nacho hakivutwi na sumaku. Cha daraja la 430 kina kromi ya asilimia 16 hadi 18 lakini nikeli karibu hakina, nacho hunasa papo hapo. Hicho cha pili ndicho huota madoa ya kahawia mapema. Sumaku ikinasa, mimi huaga.

#3 Fundi Cheche

Kwa heshima ya mwenye sumaku, kipimo chake kina matundu mawili. La kwanza ni stenlesi ya daraja la 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli imeondolewa ikatiwa manganizi ili kupunguza gharama. Hiyo nayo haivutwi na sumaku, lakini kwa kustahimili kutu iko nyuma ya 304, kwa hiyo anayetegemea sumaku peke yake ataipokea kwa furaha. La pili ni kwamba 304 halisi iliyokunjwa ikiwa baridi hupata usumaku kidogo pale penye mkunjo, na mtu anayejaribu kwenye kona ataikataa bure. Sumaku inaweza kukuambia kwamba bamba hili huenda ni 430. Haiwezi kukuhakikishia kwamba ni 304.

Mimi nashinda nikichomelea vyuma, na kwangu unene hutangulia daraja. Vipimo vya geji vinakwenda kinyume na mazoea: namba ikiwa kubwa, bamba ni jembamba. Stenlesi ya geji 16 ina unene wa karibu milimita 1.6, na ya geji 20 haifiki milimita moja. Kwa hilo mwanzilishi wa uzi hayuko mbali na ukweli, ila uzito aupime kwenye kichomeo na kwenye wavu, si kwenye jiko zima. Omba uvishike mkononi kimoja kimoja. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

#4 Mama Wawili

Kwa hiyo mtu aende dukani na mizani, sumaku na kipimo cha unene? Muuzaji atadhani amekaguliwa na serikali.

Langu mimi sanduku lake la moto ni la alumini ya kusubu, nene, wala si stenlesi. Lina miaka mingi. Alumini haipati kutu kama chuma, na hakuna bamba la kukunjwa lenye maungio yatakayoachia. Vichomeo nimekwisha kubadilisha, mabamba ya juu yake pia, nyavu pia, na jiko ni lile lile. Ninachowaambia ni kwamba sikuchagua jiko ambalo halifi. Nilichagua jiko ambalo kila kiungo chake kinauzwa peke yake na kufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida. Kabla ya kulipa niliuliza, "Kichomeo cha kubadilishia kipo?" Wauzaji wawili waliniangalia kama nimewatukana, nikaenda kwa wa tatu.

#5 Mwalimu wa Jioni

Naona tunajadili chuma bila kumtaja adui. Adui ni maji, na maji hayo hayatoki kwenye mvua peke yake. Kila molekuli ya propani, mojawapo ya gesi za mtungi, inapoungua kikamilifu hutoa molekuli tatu za kaboni dioksidi na nne za maji, na ukifuata hesabu hiyo kwa uzito utaona kwamba kilo moja ya propani huacha zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Jiko likiwa limeshika moto, mvuke huo hutoka nje. Kasoro iko dakika za mwanzo, kuta na mfuniko zikiwa bado baridi: mvuke hugeuka matone ndani ya sanduku, matone huchanganyika na chumvi ya viungo na masalia ya mafuta, halafu mpishi mwenye haraka anazima kabla ndani hapajakauka.

Stenlesi hujikinga kwa utando mwembamba sana wa oksidi ya kromi unaojijenga wenyewe hewa inapougusa uso wa chuma, mradi kromi isipungue takriban asilimia 10.5. Kloridi iliyomo katika chumvi huutoboa utando huo mahali pamoja pamoja, ndiyo maana stenlesi haiozi kwa kuenea kama chuma cha kawaida, bali hupata vitundu. Mchoma Pole, ukikagua vichomeo vyako vilivyokufa, nadhani utaona vitundu.

Ndiyo maana mimi huacha mfuniko wazi jiko linapoanza kupata moto, na baada ya kupika huliacha liwake kwa nguvu kidogo ili likauke na masalia yaungue.

#6 Moto Mdogo

Mwalimu, sehemu ya mwisho siikubali hata kidogo. Kuliacha liwake kwa nguvu baada ya kupika, tena tupu na mfuniko umefungwa kama wengi wanavyofanya, ndiko kunakoyaua mabamba na vichomeo. Vitu hivyo havifi kwa maji, vinakufa kwa moto. Tazameni jiko lolote la zamani: sehemu zilizolowa mvua bila kupata moto, kama miguu na rafu, huwa bado zipo, na sehemu zilizo juu ya ndimi za moto ndizo zilizokwisha. Mimi huzima mara chakula kinapotoka, nikasugua wavu ukiwa bado wa moto, basi.

#7 Fundi Cheche

Moto Mdogo amegusa jambo ambalo wenye kuisifia 304 hulipita kimyakimya. Stenlesi za jamii ya 304 hutanuka sana zikipata joto, karibu mikroni 17 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na 430 hutanuka kiasi cha mikroni 10 hadi 11 tu. Chukua kichomeo cha sentimita 40 kinachopanda kwa nyuzi 500: cha 304 kitarefuka kwa karibu milimita tatu na nusu, cha 430 kwa mbili na kidogo. Kama kimebanwa kwa skrubu ncha zote mbili, kitapinda au kitararua tundu la skrubu. Tena kila kinapotanuka na kusinyaa, gamba la oksidi lililojengeka juu yake hubanduka, chuma kipya kikabaki wazi kuliwa upya. Mabomba ya moshi ya magari mengi hutengenezwa kwa stenlesi ya jamii ya 430, hasa 409, na kustahimili kupashwa joto na kupoa mara kwa mara ni mojawapo ya sababu.

Lingine ni kwamba 304 ikikaa muda mrefu katika joto la kati ya nyuzi 425 na 850 hivi, kromi yake hujiunga na kaboni kwenye mipaka ya chembe za chuma, na mipaka hiyo ikabaki bila kinga ya kutosha. Kutu ikija baadaye hufuata njia hizo hizo. Kwa hiyo jiko linaweza kuwa na 304 halali kabisa, ikatoboka.

#8 Sumaku Mkononi

Fundi, kwa maneno hayo 430 sasa ndiyo imekuwa bora? Mbona majiko ya bei ya chini ndiyo yamejaa 430 na ndiyo yanayotupwa mapema?

#9 Fundi Cheche

Sikusema ni bora. Majiko hayo ni ya 430 na pia ni membamba, na pia maungio yake ni ya hovyo. Ukiona mtu kafa na alikuwa na magonjwa matatu, usikimbilie kuandika moja kwenye cheti.

#10 Mgeni Jikoni

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Jiko langu ni jipya, limetumika mara chache, na tayari mabamba ya ndani na ukingo wa mfuniko vimegeuka rangi ya dhahabu, kisha zambarau na buluu. Je, nimeuziwa stenlesi ya bandia?

#11 Mwalimu wa Jioni

Hapana. Hiyo si kutu. Utando wa oksidi niliouelezea hapo juu huongezeka unene ukipashwa joto, na mwanga unaoakisiwa kwenye utando wa unene tofauti huonekana kwa rangi tofauti. Hata stenlesi nzuri kabisa hufanya hivyo. Usikimbilie kusugua kwa sufi ya chuma, maana hiyo huacha chembe za chuma cha kawaida juu ya stenlesi, na chembe hizo ndizo zitakazoshika kutu ukalaumu jiko. Dawa za kufulia zenye klorini pia ziweke mbali nalo.

#12 Upepo wa Chumvi

Wadau, mnaoishi mbali na bahari mna anasa ya kubishana kuhusu joto. Ninapokaa mimi upepo unaleta chumvi mchana na usiku, na jiko langu la 304, ambalo nina karatasi ya mtengenezaji kuthibitisha, liliota madoa ya kahawia kwenye mfuniko ambako hakuna moto wowote wa kulaumiwa. Stenlesi inayofaa mazingira haya ni 316, iliyoongezwa molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, na ni majiko machache yanayoitumia mwili mzima. Mengi yanayojitangaza kuwa ya kukaa ufukweni huiweka kwenye sehemu za kuonekana tu.

Na kwa Mama Wawili: alumini ni nzuri, ila angalia skrubu. Alumini ikigusana na stenlesi huku kukiwa na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Nilifungua sanduku langu la awali nikakuta unga mweupe kuzunguka kila skrubu, na skrubu zenyewe zimesalimika, zinameta.

#13 Kifuniko Kizuri

Mkuu Upepo wa Chumvi, ulikuwa unalifunika kwa turubai? Maana langu liko pia karibu na maji, nalifunika kila siku, na halina doa.

#14 Upepo wa Chumvi

Nilikuwa nalifunika, tena kwa turubai nzito isiyopitisha kitu. Naamini ndiyo iliyoniponza. Chumvi ilikuwa imekwisha kutua kabla sijafunika, unyevu ukafungiwa ndani, na mvua ambayo ingeliosha jiko ikazuiwa nje. Sasa naliosha kwa maji yasiyo na chumvi na kulikausha, turubai naitumia mara chache.

#15 Kifuniko Kizuri

Hilo ni kosa la turubai, si la kufunika. Yangu ina matundu ya hewa pembeni na siifungi mpaka jiko lipoe kabisa. Tusije tukawaambia watu waache majiko yao yanyeshewe kwa sababu ya mfuko mmoja wa plastiki.

#16 Bwana Ndimi

Ninasoma tangu juu na ninashangaa kwamba hakuna aliyemtaja buibui. Majiko mengi yanayosemekana kuchoka yana utando wa buibui ndani ya mrija unaopeleka gesi na hewa kwenye kichomeo. Gesi hupita kwa shida, hewa haichanganyiki inavyopaswa, moto unakuwa wa njano na mvivu, masizi yanapanda kwenye chakula, na wakati mwingine moto hurudi nyuma ukawakia nje ya kichomeo, chini ya vifundo vya kuwashia. Moto unaopaswa kuonekana ni wa buluu, pengine na ncha za njano kidogo. Kabla ya kutupa kichomeo, kichomoe, pitisha brashi nyembamba ndani ya mrija, kisha ukirudishe huku mdomo wake ukiivika vizuri pua ya vali. Nunua jiko ambalo mdomo wa mrija una wavu mwembamba wa kuzuia wadudu, na ambalo vichomeo vyake hutoka bila kubomoa nusu ya jiko.

Buibui hao hufuata harufu inayotiwa kwenye gesi ili tuweze kugundua inapovuja.

#17 Moto Mdogo

Hiyo ya harufu nimeisikia mara nyingi, ila buibui hupenda kila tundu jembamba lenye giza, hata la bomba ambalo halijawahi kupitisha gesi. Sidhani tunahitaji harufu ili kueleza jambo hilo.

#18 Bwana Ndimi

Mkuu, mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita magari ya Mazda6 yarudi kurekebishwa Marekani kwa sababu buibui wa aina moja walikuwa wakifuma utando ndani ya mpira wa kupumulia tangi la mafuta. Kwa nini wachague mpira huo katika gari zima, kama si harufu?

#19 Mama Wawili

Petroli na gesi ya mtungi hazinuki sawa, kaka. Na mpira wa tangi nao ni tundu jembamba lenye giza. Turudi kwenye majiko kabla hatujaanza kufuga.

#20 Mchoma Pole

Ahsanteni, ninaandika yote. Vichomeo nimevikagua kama Mwalimu alivyosema: kuna vitundu upande wa chini, na pia kuna mpasuko mrefu upande wa juu penye matundu ya moto, kwa hiyo kila mmoja wenu ana ushahidi wake. Swali la pili: hii namba ya BTU ina maana gani kwa udumifu? Nimeonyeshwa jiko lenye 40,000 na jingine lenye 60,000, na muuzaji anasema la pili ni imara zaidi.

#21 Mtungi Nusu

Namba hiyo inaeleza gesi ambayo jiko linaweza kuichoma kwa saa moja likiwa limefunguliwa lote. Haielezi joto linalofika kwenye nyama, na uimara haiugusi kabisa. Kilowati moja ni karibu BTU 3,412 kwa saa, kwa hiyo 40,000 ni kilowati 11.7 hivi, na jiko la namna hiyo likifunguliwa lote humaliza takriban kilo 0.8 hadi 0.9 za propani kwa saa. La 60,000 litakula zaidi kwa nusu yake. Gawanya BTU kwa eneo la wavu mkuu. Kanuni inayozungushwa sana na wachomaji ni BTU 80 hadi 100 kwa kila inchi ya mraba, na jiko lenye mfuniko mzito unaofunga vizuri huweza kufanya kazi nzuri hata chini ya hapo. Ukiona namba kubwa sana kwenye sanduku jembamba, ujue mtengenezaji anafidia joto linalovuja, na joto hilo linavuja likipitia kwenye vyuma vyembamba vile vile unavyotaka vidumu.

Jambo la mtungi nalo lisisahauliwe. Gesi inapochemka kutoka kimiminika huchukua joto la mtungi wenyewe, ndiyo maana mtungi unaotumika sana hupoa hata ukatoa jasho. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani kwenye karibu nusu nyuzi chini ya sifuri. Mwenye mtungi mdogo wenye butani nyingi na jiko la vichomeo sita ataona moto unafifia siku ya baridi, akalaumu jiko.

#22 Mgeni Jikoni

Langu hufifia hata siku ya joto. Likiwashwa linakuwa na moto mdogo tu, nikifungua vifundo vyote hakuna kinachoongezeka, na mtungi umejaa.

#23 Mtungi Nusu

Yaelekea unafungua vali ya mtungi kwa haraka huku vifundo vya jiko vikiwa wazi. Baadhi ya regyuleta na viunganishi vina kifaa cha usalama kinachobana gesi inapotoka kwa ghafla, kwa kuwa kwao mtiririko wa ghafla unafanana na mpira uliokatika. Funga kila kitu, fungua regyuleta kutoka kwenye mtungi, subiri kidogo, uifunge tena, kisha ufungue vali ya mtungi taratibu vifundo vya jiko vikiwa vimefungwa. Ikiwa tatizo linabaki, paka maji ya sabuni kwenye mpira na viungio vyote ukatafute povu, kwa sababu huenda kifaa hicho kinasema kweli.

#24 Mla Mwisho

Kuhusu nyavu, ambazo ndizo nyama inazigusa: chuma cha kusubu kilichopakwa enameli kinapendeza kikiwa kipya, lakini enameli ikibanduka pembe moja, kutu huingia chini yake na kuibandua iliyobaki, na huwezi kuirudishia. Chuma cha kusubu kisichopakwa kitu kitashika kutu ukikipuuza wiki moja, ila kinasuguliwa, kinapakwa mafuta, kinapashwa joto, kinarudi. Fito nene za stenlesi hazidai matunzo hayo, ingawa hazishiki joto kama chuma cha kusubu. Mimi nimebaki na chuma kitupu. Kila mtu na uvivu wake.

Ila msitumie brashi ya waya.

#25 Kifuniko Kizuri

Brashi ya waya ina kosa gani? Ninaitumia tangu zamani.

#26 Dada Zamu

Nywele zake hukatika, zikanasa kwenye wavu, zikaingia kwenye chakula. Mwaka 2012 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha taarifa ya wagonjwa sita wa Providence, Rhode Island, waliomeza nyaya za brashi hizo; wengine zilichoma shingoni, wengine zikatoboa utumbo. Tumia kikwangulio cha mbao, au brashi isiyo ya waya, na kama huna budi kutumia waya, futa wavu kwa kitambaa chenye maji baadaye na uutazame kwenye mwanga.

#27 Fundi Cheche

Nirudi kwa Mama Wawili na alumini yake, maana imesifiwa bila kupingwa ipasavyo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na nyingi za kusubu, kwa kuwa zimechanganywa na silikoni, huanza kulegea kabla ya hapo. Kwa kupika kawaida hakuna shida. Lakini mafuta yaliyorundikana chini ya vichomeo yakishika moto, sanduku linaweza kupinda au kutoboka, ambapo chuma kingebaki. Sinia la mafuta linapaswa kuwa rahisi kuchomoa, na sakafu iwe na mteremko wa kweli. Wengine hutandika karatasi ya alumini chini ili wasisafishe, wakaziba njia za hewa na za mafuta, moto ukazuka hapo hapo.

#28 Mama Wawili

Fundi, sinia langu hutoka kila baada ya mapishi. Sanduku la mtu asiyesafisha litashika moto liwe la alumini au la chuma, na moto huo wa mafuta usimwagiwe maji: unafunga gesi, na mfuniko unauacha umefungwa. Unaponiambia chuma kingebaki, sawa, kingebaki, lakini vali, vifundo na mpira vingebaki?

Zamani majiko mengi ya gesi yalikuwa na mawe ya lava yaliyonyonya mafuta hayo na kuyahifadhi mpaka yalipuke moto siku moja. Weber ilipotoa jiko lake la Genesis mwaka 1985 iliweka mahali pa mawe hayo mabamba ya chuma yenye mgongo, mafuta yakawa yanaungua juu yake au yanateremka. Mabamba ya namna hiyo yanaliwa, ndiyo, lakini yanaliwa kwa niaba ya vichomeo. Mimi nayahesabu kama kitu cha kununua upya.

#29 Moto Mdogo

Hapo tumekubaliana kwa mara ya kwanza, dada, ingawa mimi ningeyafanya mazito ili nisinunue upya.

#30 Mchoma Pole

Nimerudi dukani na mambo yenu. Jiko la kwanza lina sanduku la alumini ya kusubu, vichomeo vya stenlesi ambavyo sumaku haikunasa (Fundi, najua, najua), na mfuniko mwembamba kuliko nilivyotaka. La pili ni zito, la stenlesi lote, limechomelewa vizuri, ila muuzaji hajui kama vichomeo vyake vinapatikana peke yake. Nimesoma pia vyeti vya dhamana. Vyote viwili vimeandika miaka 10 kwa herufi kubwa, na kwa herufi ndogo miaka hiyo ni ya vichomeo, tena dhidi ya kutoboka tu. Kutu ya juu, rangi kubadilika na maeneo ya karibu na bahari havimo. Kiwashio ni mwaka mmoja.

Kabla sijaamua, kuna uwezekano wa kuingiziwa gesi asilia ya bomba nyumbani. Je, jiko la mtungi linaweza kuhamishiwa huko kwa kubadilisha mpira tu?

#31 Mtungi Nusu

Hapana, mpira tu hautoshi. Kwa ujazo ule ule, propani ina nishati ya karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia, na gesi ya bomba huletwa kwa mgandamizo mdogo zaidi, kwa hiyo tundu za pua zinapaswa kuwa kubwa zaidi na regyuleta iwe nyingine. Ukiweka gesi asilia kwenye pua za propani utapata moto mdogo usiochoma kitu. Ukifanya kinyume chake, propani kwenye pua za gesi asilia, utapata ndimi za moto zinazotoka nje ya jiko, na hilo ni la hatari. Nunua jiko ambalo mtengenezaji wake mwenyewe anauza seti ya kubadilishia, ifungwe na fundi wa gesi mwenye kibali, na viungio vipimwe kwa sabuni kabla ya kuwasha.

#32 Sumaku Mkononi

Mchoma Pole, lile la pili ulijaribu sumaku kwenye vichomeo vyenyewe, au kwenye mfuniko?

#33 Mchoma Pole

Kwenye mfuniko. Vichomeo vilikuwa vimefungwa kwa pini ambazo muuzaji alikataa kuzichomoa.

#34 Fundi Cheche

Basi bado hujaliona.